Uhalisia pepe unapoaminika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watumiaji wapya wa miwani ya uhalisia pepe, yaani kifaa cha kuvaa machoni kinachomwonyesha mtu mahali palipotengenezwa kwa kompyuta, walimu wanaofikiria kuitumia darasani, na vijana wanaojifunza kuitengenezea programu. Msimamo wake ni mmoja: mtu huamini kwamba yuko mahali pengine pale mahali hapo panapouitikia mwili wake, na uzuri wa picha ni jambo la kushughulikiwa baadaye.

Mtu anaposema “nilijihisi niko pale kabisa”, huwa anazungumzia nini?

Huwa anazungumzia mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Mtafiti Mel Slater, ambaye amefanya kazi London na Barcelona, aliyatenganisha vizuri katika makala aliyoichapisha mwaka 2009. La kwanza ni hisia ya kuwapo mahali: mtumiaji anajua fika kwamba amesimama sebuleni kwake, lakini macho, masikio na misuli yake vinamwambia kwamba yuko juu ya daraja au ndani ya pango. La pili ni hisia kwamba yanayotokea mahali hapo yanatokea kweli, na kwamba yeye mwenyewe anahesabika ndani yake.

Hisia hizi hazitegemeani. Mtumiaji anaweza kujihisi yuko katikati ya soko, akageuka huku na huku, akainama kutazama matunda yaliyopangwa chini, na bado asiliamini soko lenyewe, kwa sababu wachuuzi wanatazama kupitia kwake kana kwamba hayupo na hakuna anayegeuka akikohoa. Kwa maelezo ya Slater, hisia ya kwanza ikikatika inaweza kurudi baada ya muda mfupi, ilhali ya pili ikishavunjika ni vigumu sana kuijenga upya.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayodai kwamba mtumiaji awe amedanganyika. Akili inajua ukweli. Mwili ndio unaotenda kana kwamba haujui.

Je, picha ikiwa safi zaidi, imani nayo huongezeka?

Huongezeka kwa kiasi fulani, lakini kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1968 mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kilichokuwa kimening’inizwa kutoka darini, nacho kilichora maumbo ya mistari mitupu, kama vile mchemraba unaoelea hewani. Hapakuwa na rangi, kivuli wala umbile la ukuta. Hata hivyo mchemraba ule ulibaki mahali pake mtu alipozungusha kichwa au kusogea kuutazama kutoka upande mwingine, na tabia hiyo moja ndiyo msingi wa kila kitu kilichofuata.

Ni kweli kwamba ukungu na vitone vya skrini humkumbusha mtumiaji kwamba anatazama skrini. Vifaa vilivyotoka mwaka 2016, yaani Oculus Rift na HTC Vive, vilikuwa na pikseli (vitone vinavyounda picha) 1080 kwa 1200 kwa kila jicho, na watumiaji wengi walilalamika kwamba waliona wavu mwembamba mbele ya macho yao. Meta Quest 3 ya mwaka 2023 ina pikseli 2064 kwa 2208 kwa kila jicho, na kwa kusoma maandishi tofauti ni kubwa. Jicho lenye afya linaweza kupambanua takriban pikseli 60 katika kila digrii moja ya mwono, kwa hiyo vifaa vingi vya bei ya kawaida bado viko mbali na kikomo hicho.

Lakini ukimpa mtengenezaji wa programu uwezo wa kompyuta wenye mipaka, nionavyo mimi ni heri autumie kwanza kuhakikisha picha haikwami, kisha kuhakikisha vitu vinajibu vinapoguswa, na mwisho kabisa kupamba kuta. Chumba kilichochorwa kikatuni lakini kinachotii kila mwendo wa kichwa humbeba mtu kuliko chumba kinachofanana na picha ya kamera huku kikitetemeka.

Kuna ushahidi gani kwamba mwili huamini?

Jaribio linalojulikana zaidi ni lile la shimo. Mtumiaji huanza katika chumba cha kawaida, huzoea kutembea na kushika vitu, kisha hupita mlangoni na kukuta kwamba sakafu ya chumba cha pili imekatwa katikati. Chini, kina cha mita kama 6, anaona sebule yenye samani. Ametakiwa kubeba kitu hadi humo, na pembeni kumebaki ukingo mwembamba tu wa kukanyaga. Slater na wenzake walitumia shimo la namna hii katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2002 Michael Meehan na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, walilitumia kupima mapigo ya moyo ya watu waliokuwa wakilikabili.

Mapigo yalipanda. Yalipanda kwa watu waliojua kwamba wako maabara, kwenye sakafu tambarare, na kwamba wanaweza kuvua kifaa wakati wowote. Picha za wakati huo zilikuwa duni mno kwa viwango vya leo, na bado watu walitembea wakiambaa ukuta.

Kuna jambo dogo katika utafiti ule ambalo ningependa kila mbunifu alikumbuke. Watafiti waliweka ubao halisi wa mbao, wenye unene wa sentimita 4 hivi, mahali hasa palipokuwa na ukingo wa shimo katika picha. Mtumiaji aliponyoosha mguu aliihisi ncha ya ubao chini ya wayo, na vidole vyake vikaning’inia hewani. Shimo lilikuwa la sentimita 4 tu, lakini mguu ulithibitisha kile ambacho macho yalikuwa yanasema, na kwa waliokanyaga ubao ule mwitikio ulikuwa mkubwa zaidi kuliko kwa waliokanyaga sakafu tupu. Ubao wa bei ndogo ulifanya kazi ambayo kadi ya kompyuta ya kuchorea picha, ya gharama kubwa, isingeweza kuifanya.

Kwa nini kuchelewa kwa picha, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, kunaharibu kila kitu?

Ndani ya sikio kuna kiungo cha mizani kinachoujulisha ubongo kila kichwa kinapogeuka. Katika maisha ya kawaida taarifa hiyo na picha inayoingia machoni hufika pamoja bila kupishana. Ndani ya kifaa, sensa, yaani vihisi vya mwendo, zinapaswa kwanza kutambua kwamba kichwa kimegeuka, kompyuta ikokotoe mwono mpya, kisha skrini iuwashe. Safari hiyo ikichukua zaidi ya milisekunde 20 hivi, watumiaji wengi huanza kuhisi kwamba ulimwengu “unaogelea”, yaani unajivuta nyuma ya kichwa, hata kama hawawezi kueleza kasoro iko wapi. Timu ileile ya North Carolina ililinganisha ucheleweshaji wa milisekunde 50 na ule wa milisekunde 90 katika chumba cha shimo, na mapigo ya moyo yalipanda zaidi pale ucheleweshaji ulipokuwa mdogo.

Ndiyo maana vifaa vya 2016 vilichora fremu (picha moja moja) 90 kwa sekunde, na ndiyo maana leo kifaa hukisia kichwa kitakuwa wapi baada ya muda mfupi na kuisogeza picha dakika ya mwisho kabla haijaonyeshwa. Programu inayoshindwa kudumu kwenye kasi hiyo haifai kutolewa kwa watu, hata ikiwa na mandhari ya kupendeza namna gani.

Kichefuchefu kinatokana na nini, na je, kinamaanisha kwamba tukio halina uhalisia?

Mara nyingi hutokana na macho kuona mwendo ambao sikio la ndani halijausikia, kwa mfano mtumiaji anapoendeshwa kwa kijiti cha kidhibiti cha mkononi huku amekaa kitini. Kichefuchefu kinaweza kumpata hata mtu aliyejihisi yuko pale kweli. Kwa hakika picha za mwendo zinazoshawishi sana ndizo huumiza zaidi. Wabunifu hupunguza tatizo hili kwa kumruhusu mtumiaji aruke papo hapo kutoka sehemu moja hadi nyingine, kwa kupunguza upana wa mwono wakati wa mwendo, au kwa kumwacha atembee kwa miguu yake mwenyewe. Njia ya mwisho ndiyo bora kwa uhalisia, ila inahitaji nafasi ambayo nyumba nyingi hazina.

Chanzo kingine ni macho kulazimika kukazia skrini iliyo kwenye umbali mmoja usiobadilika, huku yakigeukiana kana kwamba kitu kiko karibu au mbali. Hili huchosha, hasa kwa vitu vinavyoletwa karibu sana na uso.

Sauti ina uzito gani?

Ina uzito mkubwa, nayo ndiyo inayopuuzwa kuliko yote. Macho huona yaliyo mbele tu. Masikio husikia pande zote. Sauti inapotoka kushoto hulifikia sikio la kushoto mapema kidogo kuliko la kulia, ikiwa na nguvu zaidi, na mikunjo ya sikio huibadilisha kulingana na urefu inakotokea. Programu nzuri huiga mabadiliko hayo na kuyarekebisha kila kichwa kinapogeuka, ili mlango unaogongwa nyuma yako uendelee kuwa nyuma ya chumba, hata ukigeuka.

Mwangwi nao unasema kweli au uongo. Mtu akiwekwa ndani ya ukumbi wa mawe kisha akasikia sauti kavu kama ya studio, atahisi kuna kitu hakiko sawa kabla hajajua ni kipi.

Je, mtumiaji anahitaji kuuona mwili wake mwenyewe?

Inasaidia sana, kwa sharti kwamba mwili huo unamtii. Mwaka 1998 watafiti Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walionyesha kwamba mtu akiuona mkono wa mpira unapapaswa kwa brashi huku mkono wake halisi, uliofichwa, ukipapaswa wakati uleule, huanza kuuhisi ule wa mpira kuwa wake. Uhalisia pepe unategemea jambo hilohilo: mkono wa picha ukisogea pamoja na mkono wa nyama, ubongo huupokea haraka, hata kama rangi na umbo havifanani.

Kukosea hapa kunaumiza kuliko kuacha. Kifaa kinajua viganja viko wapi, lakini mara nyingi hukisia tu kiwiko na bega. Mtumiaji akikunja mkono na kuona kiwiko kimepinda upande usiowezekana, hisia ya kuwa na mwili hutoweka. Kwa sababu hiyo programu nyingi huonyesha viganja peke yake vikielea hewani, na watumiaji huvikubali bila shida.

Kuna athari inayokwenda mbali zaidi ya kuamini. Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti mwaka 2007 kwamba watu waliopewa avata (umbo la kompyuta linalomwakilisha mtumiaji) ndefu zaidi walijadiliana kwa ukakamavu zaidi kuliko waliopewa avata fupi. Mwili wa kuazima hubadilisha mwenendo wa aliyeuvaa.

Wahusika wa kompyuta wanawezaje kuaminika kama watu?

Kwa kumtambua mtumiaji. Mhusika anayegeuza macho yake kumfuata anayeingia, anayesogea nyuma kidogo akisogelewa mno, na anayenyamaza akikatizwa, huaminika hata kama uso wake umechorwa kwa njia sahili. Mtaalamu wa roboti wa Japani Masahiro Mori alishaandika mwaka 1970 kwamba umbo linalokaribia sana kufanana na binadamu bila kufika huzua hali ya kutisha, na wabunifu wa leo bado hukutana na tatizo hilo kwenye macho na midomo.

Mwaka 2006 Slater na wenzake walirudia, kwa njia ya uhalisia pepe, jaribio maarufu la utii la Stanley Milgram, la kuona mtu atatii hadi wapi akiamriwa kumuumiza mwingine. Washiriki 34 walitakiwa kumwadhibu kwa shoti za umeme mwanamke wa kompyuta kila alipokosea jibu, na wote walijua kwamba hayupo. Waliowasiliana naye kwa maandishi tu walitoa shoti zote. Kati ya waliomwona na kumsikia akilalamika, baadhi waliacha kabla ya mwisho, na miili yao ilionyesha dalili za mfadhaiko.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ningeongeza jambo ambalo vitabu vya ubunifu hulitaja kijuujuu. Kuaminika hutegemea kile ambacho mtumiaji tayari anakijua. Mtu aliyekulia Zanzibar akiingizwa katika kichochoro cha Mji Mkongwe cha kompyuta, hatahesabu pikseli. Atashangaa kwamba amewapita wazee waliokaa barazani na hakuna aliyemwamkia wala kuitikia salamu, kwamba jirani ameingia nyumbani kwa mtu bila hodi, au kwamba gari limepita upande wa kulia wa barabara. Mgeni hataona kasoro yoyote. Anayepajua ataacha kuamini palepale, kwa hiyo programu inayohusu mahali fulani inapaswa kujaribiwa na wenyeji wa mahali hapo kabla ya kujaribiwa na mtu mwingine yeyote.

Je, video za digrii 360 ni uhalisia pepe kamili?

Kwa maana tunayoitumia hapa, hapana. Video ya namna hiyo hufuata mzunguko wa kichwa, lakini ukisogea mbele hatua moja au ukiinama, mandhari husogea pamoja nawe. Hisia ya kuwapo huja na kukatika kila mwili unapojaribu kufanya jambo ambalo kamera haikulirekodi. Zinafaa kwa habari na kwa kuonyesha mahali, hasa mtazamaji akiwa ameketi.

Magofu kama ya Kilwa yakiwekwa katika uhalisia pepe, “uhalisia” ni upi hasa?

Hili ndilo swali ninalolijali kuliko mengine yote. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, ni miongoni mwa maeneo ambayo mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umeyapima kwa skana za leza. Skana hupiga miale na kurekodi mamilioni ya nukta, kila moja ikiwa na nafasi yake, hadi ukuta wa matumbawe na chokaa unapatikana katika kompyuta pamoja na nyufa zake. Anayetembea ndani ya umbo lililojengwa kwa vipimo hivyo anatembea ndani ya Msikiti Mkuu kama ulivyokuwa siku ulipopimwa: kuba na matao ya sehemu iliyoongezwa kusini, na upande wa kaskazini, ulio mkongwe zaidi, ukiwa wazi bila paa.

Tatizo huanza mbunifu anapotaka kulirudisha paa hilo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji, lakini maelezo yake hayatoshi kumwambia mchoraji taa zilining’inia wapi, mikeka ilikuwa ya rangi gani, au watu walivaa vipi Ijumaa. Kila pengo hujazwa na kisio, na katika uhalisia pepe kisio huonekana kikiwa na uzito uleule wa jiwe lililopimwa. Msomaji wa kitabu huona neno “huenda” na kusita. Aliyesimama ndani ya ukumbi uliokamilika hana pa kulisomea neno hilo, na mwili wake umeshaamini.

Mkataba wa London kuhusu matumizi ya michoro ya kompyuta katika urithi wa utamaduni, ambao toleo lake la 2.1 lilitolewa mwaka 2009, unataka msingi wa kila uamuzi wa namna hii uandikwe na uonekane. Katika utendaji, mbunifu anaweza kuzipa sehemu za kukisia rangi iliyofifia, au kumpa mtumiaji kitufe cha kuziondoa ili abaki na magofu yenyewe. Wapo wanaodai kwamba hatua hizo hukata hisia ya kuwapo. Ndiyo, huikata kwa muda, na nadhani gharama hiyo inafaa kulipwa, kwa kuwa mtoto wa shule atakayeuona msikiti wa kompyuta huenda asipate kamwe nafasi ya kuvuka maji hadi kisiwani.

Uhalisia hupimwaje?

Njia ya kawaida ni hojaji zinazojazwa baada ya kuvua kifaa, kama ile ya Witmer na Singer ya mwaka 1998. Zinasaidia kulinganisha matoleo mawili ya programu moja, lakini zina udhaifu: mwaka 2000 Martin Usoh na wenzake waliwapa watu kazi ileile katika ofisi halisi na katika ofisi ya kompyuta, na hojaji hazikuweza kutofautisha vizuri kati ya hizo mbili. Vipimo vya mapigo ya moyo na jasho la ngozi ni imara zaidi, ila hufaa pale tu penye jambo la kushtua.

Kwa mbunifu asiye na maabara, kutazama kunatosha kwa kuanzia. Angalia kama mtumiaji anainamisha kichwa kupita chini ya mlango mfupi, kama anazunguka meza badala ya kupita ndani yake, kama anaomba radhi akimgonga mhusika. Andika pia kila wakati anapoguswa na kitu cha nje: waya unaomvuta, kelele za jirani, kifaa kinachoteleza. Mikatiko hiyo mara nyingi hufundisha zaidi kuliko alama za hojaji.

Nina kifaa cha bei nafuu. Nifanye nini ili kinishawishi zaidi?

Rekebisha kwanza umbali kati ya lenzi ili ulingane na umbali kati ya mboni zako, ambao kwa watu wazima wengi huwa karibu na milimita 63. Futa lenzi, kaza mikanda mpaka kifaa kisicheze, ziba mwanga unaopenya pembeni mwa pua, na tumia vipokea sauti vya masikioni badala ya spika. Safisha sakafu, kwa kuwa mtu anayeogopa kujikwaa hawezi kujisahau.

Je, tukio linaweza kuaminika kupita kiasi?

Linaweza. Nguvu hiyo ndiyo inayolifanya lifae kwa tiba: mwaka 1995 Barbara Rothbaum, Larry Hodges na wenzao walichapisha matokeo ya kuwatibu watu wenye hofu ya vimo kwa kuwapandisha hatua kwa hatua kwenye madaraja na roshani za kompyuta. Kama shimo la kompyuta lisingeogopesha, tiba hiyo isingekuwa na maana. Nguvu hiyohiyo ikitumiwa ovyo, kwa mfano kumshtua mtu asiyejiandaa au kumwonyesha mtoto mashambulizi ya vita akiwa katikati yake, inaweza kumwachia mtu kumbukumbu nzito isiyotoka kwa urahisi.

Mwambie mtumiaji mapema atakachokutana nacho, heshimu umri uliowekwa na mtengenezaji wa kifaa, na usimwachie mgeni kifaa peke yake. Akishikwa na hofu, usimnyang’anye miwani ghafla, kwa sababu anaweza kuyumba na kuanguka. Mwambie afumbe macho kwanza. Shimo hutoweka mara moja. Kisha mshike mkono, mtajie jina lake, na umsaidie kuivua miwani taratibu.